Kuvingirisha, kukunja au kulaza: namna ya kufunga kroshia isafiri salama

Anayefuma kroshia Nakuru siku hizi hauzii majirani peke yao. Oda inatoka Mombasa, nyingine ni ya binti aliyeolewa Uingereza, nyingine ni seti nzima ya vitambaa vya makochi ya kwenda Kitengela, na zote zimeingia kwa simu. Kufuma tunakujua. Ugumu unaanza pale kazi ya wiki kadhaa inapotakiwa kuingia kwenye boksi na kukabidhiwa mtu ambaye kwake huo ni mzigo kama mizigo mingine. Nikunje au nivingirishe? Bahasha au boksi? Niende Posta au niwahi basi la jioni?

Watu wengi huanza kwa kutafuta boksi. Mimi naanza na wanga. Kitambaa kilichotiwa wanga kikakauka kikawa kigumu, na kitambaa hicho hicho kabla hakijatiwa, ni mizigo 2 tofauti kabisa, na ukishajua unao upi mkononi, maswali mengi yaliyobaki yanajijibu.

Kigumu au kilaini

Wanga unapokauka hugandisha nyuzi pamoja. Ndiyo maana kitambaa cha duara kinakaa mezani kimetanuka na meno yake ya pembeni yamesimama. Ukikikunja, tabaka lile la wanga linavunjika pale pale penye mkunjo na kuacha mstari mweupe. Pasi haiuondoi mstari huo. Inabidi kitambaa kioshwe, kitiwe wanga upya, kitandazwe na kubanwa kwa pini. Maana yake mpokeaji anaanza kazi ambayo wewe ulishaimaliza.

Kilaini hakina shida hiyo. Uzi wa pamba usio na wanga ukikunjwa unapata alama, lakini alama hiyo hutoka kwa maji au mvuke wa pasi. Kilaini kinaogopa kunaswa na kuchafuka, basi. Kigumu kinaogopa mkunjo, kinaogopa kukandamizwa, kinaogopa unyevu, na juu ya hayo ni chakula: mende na wadudu wengine wa nyumbani hula wanga.

Aina ya ugumu nayo ina maneno yake. Wanga wa mahindi na wanga wa muhogo, huo ambao upande wa Busia haukosekani, huoshwa ukatoka wote, kwa hiyo makosa yake yanarekebishika. Gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji inashika sana na hailegei haraka kwa unyevu, lakini haitoki kirahisi, na mkunjo ukiingia kwenye gundi unaweza kubaki humo. Sukari ndiyo ngumu kusafirisha kuliko zote. Sukari hunyonya unyevu wa hewani. Kikapu cha kroshia kilichosimamishwa kwa sukari kikatoka Nakuru kimekauka kinaweza kufika Mombasa kimelegea na kinanata vidoleni, na sisimizi wakikiona njiani watakuwa wamekipata kabla ya mteja. Kazi ya sukari naiuza kwa mtu anayekuja kuichukua mwenyewe.

Kwa hiyo, mteja asiposema lolote, ninatuma kitambaa kilaini, kimeoshwa, kimesuuzwa na kukaushwa, pamoja na karatasi 2. Ya kwanza ni maelezo ya wanga: kijiko 1 kikubwa cha wanga wa mahindi kikorogwe kwenye kikombe 1 cha maji baridi, kichemshwe huku kikikorogwa mpaka kigeuke kuwa cha kung'aa, kipoe, kitambaa kichovywe na kukamuliwa kwa kubonyezwa bila kusokotwa. Ya pili ni ramani ya kitambaa chenyewe, na hii ndiyo inayowafurahisha wateja. Kitambaa kikiwa kimebanwa kwa pini mara ya kwanza baada ya kufumwa, weka karatasi chini yake, chora mzingo wake kwa penseli na utie nukta kila pini iliposimama. Mpokeaji anaitandaza karatasi ile juu ya taulo, anaweka kitambaa kibichi juu yake, anafuata nukta. Hata asiyewahi kushika sindano ya kroshia anaweza.

Kuna wakati hili halifai. Zawadi ya harusi inafunguliwa mbele za watu, na bibi harusi hawezi kuambiwa aanze kuchemsha wanga. Hapo tuma kigumu, na ukubali kulipia nafasi.

Namna 3 za kukiweka

Kulaza ndiyo salama kuliko zote kwa kitambaa kigumu, na kwa kitambaa kidogo ndiyo rahisi pia. Bahasha ya ukubwa wa C4, ile inayomeza karatasi ya A4 bila kukunjwa, ina milimita 229 kwa 324. Kitambaa cha kipenyo cha sentimita 18 au 20 kinaingia na nafasi inabaki. Kata kadibodi 2 zinazozidi kitambaa kwa angalau sentimita 1 kila upande na zinazojaa bahasha vizuri. Tandika karatasi laini nyeupe juu ya ya kwanza, laza kitambaa, kisha ukishikize: pitisha sindano yenye uzi wa rangi nyingine kwenye matundu 4 au 5 ya pembeni, mishono mirefu na milegevu inayopita mpaka kwenye kadibodi. Usipofanya hivyo kitambaa kitateleza kwenye kona moja na meno yake yatajikunja. Uzi wa rangi nyingine ni wa kumwonyesha mpokeaji cha kukata, asije akakata ulichofuma. Funika kwa karatasi nyingine na kadibodi ya pili, zungushia selotepu pande zote 4.

Kulaza kunashindwa kitambaa kikizidi upana wa bahasha. Boksi la kulaza kitambaa cha meza cha sentimita 90 ni kubwa kama trei ya mkate, kila mtu ataweka kitu juu yake, na gharama yake haina maana.

Kuvingirisha ndiko ninakokupenda kwa lesi na kwa kila kitambaa kirefu: kitambaa cha katikati ya meza, pindo za mashuka, shela ya bibi harusi. Hakuna mkunjo hata mmoja ikiwa umefanya vizuri, na kufanya vizuri kuna mambo yake. Tafuta bomba la karatasi nene. Maduka ya vitambaa ya Kisumu na Nakuru hubaki na mabomba kila jora la kitambaa likiisha, na mengi hutupwa, omba, utapewa. Chukua lenye kipenyo cha sentimita 7 au zaidi. Bomba jembamba kama la karatasi ya chooni hukaza uzi wa ndani na kufanya upande mmoja uvutike. Lifunike kwa karatasi safi, maana kadibodi ina vumbi lake la kahawia.

Upande mzuri wa kitambaa utazame nje. Wengi hufanya kinyume wakidhani wanaulinda. Kitambaa kinapozunguka bomba, upande wa ndani ndio unaobanwa na kufanya vikunyanzi, na wa nje unanyooka. Sasa kama vikunyanzi lazima viwepo, viwe upande wa nyuma. Tandika karatasi laini chini ya kitambaa chote ili kila mzunguko utenganishwe na mwenzake, la sivyo meno ya mzunguko wa juu yataingia kwenye matundu ya ule wa chini, na mpokeaji akivuta, uzi unanasa. Vingirisha kwa kufuata mistari ya ufumaji, bila kuvuta, ukilainisha kwa kiganja. Mwishoni funga kwa utepe mpana wa kitambaa sehemu 2 au 3. Raba usitumie. Inaacha alama ya kubana, na ikizeeka kwenye joto hunata na kutia doa. Kamba ya katani nayo ina vinyweleo vinavyonasa, ibaki nje ya kifurushi.

Kuvingirisha hakufai kila kitu. Lesi ya kroshia ya Kiairishi, ile yenye mawaridi na majani yaliyoinuka (na ambayo iliziingizia familia nyingi za Ayalandi senti za chakula wakati wa njaa ya viazi ya 1845 hadi 1852), ukiivingirisha unayalaza mawaridi. Kama ni lazima, jaza vipande vya karatasi laini kuzunguka kila ua ili karatasi ndiyo ibebe uzito. Vitu vya kusimama kama vikapu, kengele na nyota za Krismasi vinataka boksi gumu, vimejazwa karatasi ndani na nje.

Kukunja kunasemwa vibaya kuliko kunavyostahili. Blanketi ya mtoto ya uzi wa akriliki, shali, sweta, kofia, seti ya vitambaa vya makochi visivyo na wanga: vyote kunja. Ila usikunje katikati. Mkunjo wa katikati ndio unaoonekana kwanza kitu kikitandazwa, na kitambaa cha duara kikikunjwa mara 2 kinapata msalaba juu ya ua la katikati, mahali ulipotumia macho yako zaidi. Kunja kwa theluthi. Chukua karatasi laini, ikunjekunje iwe kama kamba nene ya kidole gumba, ilaze ndani ya kila mkunjo. Kamba hizo za karatasi huufanya mkunjo uwe wa mviringo, na ukifunguliwa hakuna mstari mkali. Kwa seti ya vitambaa vya makochi, panga vyote vilale pamoja kisha ukunje rundo zima mara moja. Vya nje vitakunjwa kwa mzingo mpana, na cha ndani kabisa kitalindwa na kamba yake ya karatasi.

Kitakachogusa uzi

Gazeti, hapana. Wino wake unahamia kwenye uzi mweupe, hasa ukipata unyevu kidogo, na doa la wino wa gazeti kwenye pamba ni kesi ndefu.

Karatasi laini nyeupe inayouzwa kwenye maduka ya zawadi ndiyo ya kawaida na inatosha. Nyeupe, siyo ya rangi: ile nyekundu na ya zambarau huchuja ikipata maji. Wahifadhi wa makumbusho husisitiza karatasi isiyo na asidi, na wana haki kwa vitu vitakavyokaa miaka, kwa sababu asidi ya karatasi na kadibodi ya kawaida hugeuza pamba kuwa ya manjano taratibu. Kwa kifurushi cha siku 2 au hata wiki 3 usijisumbue. Mwandikie tu mteja asikihifadhi ndani ya boksi ulilotumia.

Kuna kitu ambacho bibi zetu walikuwa nacho kabatini na kinaishinda karatasi: amerikani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa. Kioshe mara 1 au 2 kwa maji ya moto ili gundi ya kiwandani itoke, kikauke, ukipige pasi. Kipande cha mita 1 kinafunga kitambaa cha meza kizima, hakinasi, hakichani, kinapitisha hewa, na mpokeaji anabaki na kitu cha kuhifadhia kazi yake. Kwa shela ya harusi au kitandiko kizima cha kroshia situmii kingine. Kwa kitambaa kidogo cha bei ya kawaida, amerikani inakula faida, karatasi itafaa.

Plastiki ndiyo yenye ubishi. Inazuia mvua, hilo halina shaka. Lakini inafungia ndani unyevu uliokuwemo, na uzi wa pamba huwa na unyevu hata ukionekana mkavu. Kisumu, kando ya Ghuba la Winam, au Kakamega na Kisii ambako mvua hainyeshi kwa ratiba, kitambaa kilichofungwa kwenye plastiki kikiwa na ubichi kidogo hutoa ukungu wenye nukta nyeusi kabla ya wiki kwisha. Halafu kuna sheria: tangu tarehe 28 Agosti 2017 Kenya imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea na ile bapa kwa matumizi ya biashara na nyumbani, kwa hiyo hata ukiipata, usiifanye kuwa ndiyo chapa ya duka lako. Ninachofanya ni kutumia karatasi ya kuokea keki kama tabaka la pili. Maji huteleza juu yake kwa muda, na haibani hewa kabisa. Zuio la mvua kubwa liwe la nje ya boksi.

Na kabla ya tabaka lolote, hakikisha kitu ni kikavu. Kiguse kwa shavu. Vidole vya mfumaji vimezoea uzi na hudanganyika, shavu halidanganyiki: pakihisika baridi, bado kuna maji. Miezi ya Machi hadi Mei, wakati wa masika, ninaacha kazi ndani ya chumba chenye hewa siku nzima ya ziada na kuipitishia pasi ya moto mdogo kwa nyuma asubuhi ya kufunga. Vifuko vidogo vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja ndani ya viatu vipya, vinasaidia. Mchele hausaidii, unaleta wadudu. Dawa ya nondo pia haina kazi hapa, kwa kuwa nondo hula sufu na nywele, siyo pamba, na harufu ile haitoki. Manukato vilevile: mafuta yake hubaki kwenye uzi na kugeuka manjano.

Bahasha, boksi au bomba

Bahasha ya kaki yenye kadibodi ndani inashinda kwa bei kwa chochote kinacholala bapa. Bila kadibodi, usiitumie hata kwa kitambaa kilaini, kwa sababu pembe za bahasha huchanika na kitambaa kinachungulia.

Boksi na bomba ndivyo vya kupimana, na hapa hesabu inaamua. Kampuni nyingi za kusafirisha vifurushi kwa ndege hulipisha kwa uzito wa mizani au kwa uzito wa ujazo, wowote ulio mkubwa. Uzito wa ujazo hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 5,000. Chukua blanketi ya kroshia yenye kilo 1.6. Ukiitia kwenye boksi la sentimita 40 kwa 30 kwa 20, ujazo ni 24,000, na unalipia kilo 4.8. Ikunje vizuri iingie kwenye boksi la 30 kwa 25 kwa 12, ujazo ni 9,000, unalipia kilo 1.8. Ni blanketi ile ile. Akriliki inavumilia kubanwa kwa mkono namna hiyo na ikifunguliwa inarudi. Lesi ya pamba usiibane.

Bomba la urefu wa sentimita 60 na kipenyo cha 10 linahesabiwa kama boksi la 60 kwa 10 kwa 10, yaani kilo 1.2. Ni nafuu kwa kitambaa kirefu. Ubaya wake ni kwamba linabingirika, na linaanguka kutoka kwenye kila rundo. Mimi huliweka ndani ya boksi jembamba la pembe 4, au nikalifungia kadibodi iliyokunjwa pembe 3. Kwa Posta kuna kanuni ya kimataifa ya kukumbuka: kifurushi kidogo kinachokwenda kama barua hakizidi kilo 2, na jumla ya urefu, upana na kimo haizidi milimita 900, huku upande mrefu zaidi usipite 600. Kilicho cha mviringo kinaruhusiwa kufika urefu wa milimita 900, mradi urefu ukijumlishwa na kipenyo mara 2 visizidi 1,040. Kwa hiyo lesi ya sentimita 80 inayokataliwa ndani ya boksi inaweza kukubaliwa ndani ya bomba lililobaki la mviringo.

Ukubwa wowote utakaouchagua, tikisa boksi lililofungwa. Likisikika kitu kinahama, fungua, jaza karatasi.

Kisu

Kifurushi kinaweza kusafiri kilomita 350 hivi kutoka Kisumu hadi Nairobi bila doa, kisha kikaharibikia jikoni kwa mpokeaji. Mtu aliyesubiri zawadi hana subira. Anashika kisu, anapasua selotepu ya katikati, ncha inazama sentimita 1, na uzi mmoja wa kroshia uliokatwa unaanza kufumuka na kuvuta jirani zake. Kroshia haifumuki kama sweta lote kwa pamoja, lakini tundu lile litakua kila likifuliwa.

Kinga yake ni kipande cha kadibodi cha ukubwa wa boksi, kilazwe juu kabisa, chini ya kifuniko. Kisu kitagota hapo. Andika juu ya kadibodi hiyo: "Polepole, ndani kuna kroshia." Na tabaka zote za ndani ya boksi zifungwe kwa utepe wa kufunguka kwa kuvuta, zisibandikwe selotepu. Hii inasaidia pia kwa ofisa wa forodha. Kifurushi cha nje ya nchi kinaweza kufunguliwa kukaguliwa, na mkaguzi akikuta utepe ataufungua na kuufunga tena. Akikuta selotepu iliyozungushwa mara 10, atachana.

Stepla na pini za chuma za kawaida zisiingie kabisa. Zina kutu inayosubiri unyevu.

Nani abebe

Kwa safari za hapa nchini, basi au matatu ya sako inashinda kwa kasi. Ukiwahisha asubuhi Nakuru, mteja wa Nairobi anachukua mchana, na kifurushi kimepita mikono michache. Hatari yake ni wenzake wa safari. Buti la gari linalotoka Kisumu lina omena na mbuta, na pamba hushika harufu ya samaki kama ilivyoshika rangi. Linalopita Nakuru lina magunia ya viazi. Kwa hiyo kwa basi nataka boksi gumu, siyo bahasha, na juu ya boksi gunia la nailoni lililooshwa, limeshonwa mdomo kwa kamba. Likiwa lilikuwa la sukari, lioshwe kweli kweli.

Halafu kuna maneno ya kaunta. Karani atauliza, "Mama, ndani kuna nini?" Ukijibu, "Ni vitambaa tu, kijana wangu," umekwisha. Vitambaa havivunjiki, kwa hiyo kifurushi chako kinakuwa mto wa kuwekea vingine. Mimi hujibu, "Ni kazi ya mkono ya harusi, isikandamizwe," na ninasubiri mpaka niione imeandikwa kwenye risiti. Weka namba ya simu ya mpokeaji nje na ndani ya boksi pia, kwa sababu karatasi ya nje hubanduka.

Posta inashinda mahali basi lisipofika na kwa kitambaa kidogo kilicholazwa kwenye bahasha. Tuma kwa rejista ili kiwe na namba ya kufuatilia. Sanduku la posta liandikwe pamoja na msimbo wake, 20100 kwa Nakuru, 40100 kwa Kisumu, 50100 kwa Kakamega, 30100 kwa Eldoret, maana jina la mji pekee linachelewesha upangaji. Ukitaka haraka, Posta ina huduma ya EMS.

Kwenda nje ya nchi, Posta ni nafuu na polepole, kampuni za ndege ni ghali na za haraka. Kinacholeta tofauti kubwa kwa mfumaji ni makaratasi, na hapo wengi wetu huandika neno moja, "zawadi", tukidhani tunamsaidia mteja. Ikiwa umeuza, siyo zawadi. Posta hutumia fomu ya CN22 kwa thamani isiyozidi SDR 300, ile hesabu ya fedha ya Shirika la Fedha la Kimataifa, na CN23 ikizidi. Andika kitu chenyewe: "kitambaa cha meza, pamba 100%, kimefumwa kwa kroshia kwa mkono", kwa Kiingereza. Namba ya forodha ya vitambaa vya meza vilivyofumwa au kufanywa kwa kroshia ni 6302.40, blanketi ziko chini ya 6301. Namba hiyo humwepusha mkaguzi na kubahatisha, na asipobahatisha hana sababu ya kutoa kila kitu nje.

Mteja wa Marekani aambiwe mapema. Hadi Agosti 2025 kifurushi cha thamani isiyozidi dola 800 kiliingia huko bila ushuru. Tangu tarehe 29 ya mwezi huo msamaha huo umeondolewa, na bidhaa iliyouzwa hulipiwa hata ikiwa ni kitambaa kimoja. Mkubaliane ni nani anayelipa kabla hujachukua pesa, na uliza kaunta ya Posta au kampuni unayoitumia jinsi malipo hayo yanavyokusanywa, kwa sababu kifurushi kinachosubiri ushuru hukaa ghalani, na ghala ndipo kitambaa kigumu kinapolegea.

Kabla ya kufunga, piga picha kitu kikiwa kimetandazwa kando ya rula, picha nyingine kikiwa ndani ya boksi, na pima uzito. Andika thamani ya kweli. Ukiandika shilingi 500 ili kupunguza ushuru na kifurushi kikapotea, utalipwa kwa hesabu ya 500.

Oda za Krismasi za kwenda nje kwa Posta ninazifunga mwisho wa Oktoba. Baada ya hapo mteja achague kampuni ya ndege na alipe tofauti, au akubali kupokea Januari, na jibu lake naliomba kwa maandishi kwenye simu kabla sijaanza kufuma.